Jogoo wa Nadhiri

Kwetu Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi, maziwa na mayai vilikuwa vya mama. Pesa ya kahawa ilikuja kwa msimu, ikipitia chama cha msingi cha ushirika, na mara nyingi ilikuta madeni yameshakaa mlangoni yanaisubiri. Pesa ya mama iliingia kidogo kidogo kutoka sokoni, ikafungwa kwenye pindo la khanga, na kabla haijanunua hata chumvi ilikuwa imeshatolewa fungu la kumi. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na kila sikukuu ya usharika wanatajwa, ni haki yao. Lakini mabati ya kanisa la mtaa wetu yalinunuliwa kwa mayai. Niliyaona mayai hayo yakinadiwa, kwa macho yangu.

Asiyeujua mnada wa Walutheri wa mlimani amekosa raha. Asiye na fedha analeta alichonacho: mkungu wa ndizi mshare, chupa ya maziwa, miwa, kuku. Ibada ikiisha watu wote wanatoka nje, mnadi anainua kitu juu, na bei zinaanza kupanda kwa vicheko. Unaweza kununua ukakirudisha kinadiwe tena, au ukamzawadia mtu papo hapo. Yai moja linaweza kuliingizia kanisa fedha ambayo dukani ungepata mayai kumi.

Mwaka 1998, barabara zikiwa bado zimechimbika kwa mvua za El Niño, mdogo wetu wa mwisho aliugua nimonia. Mama alikesha naye hospitali, na huko huko, kama Hana mama yake Samweli, akaweka nadhiri. Hana aliahidi mtoto. Mama aliahidi jogoo.

Sasa, jogoo mwenyewe. Alikuwa mwekundu, shingo ya rangi ya asali, mkia mweusi uliogeuka kijani akipita juani. Baba alimlisha mahindi kiganjani. Alikuwa akisema ndiye kiumbe pekee katika kihamba chote, yaani shamba letu la nyumbani, anayefanya kazi yake bila kuambiwa.

Mtoto akapona. Jumamosi jioni mama akaanza kusokota kamba ya mgomba ya kumfungia miguu.

"Toa tetea wawili," baba akasema. "Hata watatu."

"Sikuahidi tetea, baba watoto."

"Uliahidi mali ya nani?"

"Kuku humu ndani ni wa nani?"

Baba akanyamaza. Sheria ile ya kugawana mali walikuwa wameitunga wanaume wenyewe.

Inafaa niseme kwamba baba hakuwa mpagani. Alibatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa kanisani, kisha akawa Mkristo wa Krismasi na mazishi. Jumapili zake zilikuwa za mbege, pombe yetu ya ndizi, na wazee wenzake. Kwa hiyo siku ile, mnada ulipofika kwa jogoo na watu wakamwona baba anaingia uwanjani na buti zake za shamba, kila mtu alijua kilichomleta. Mnadi alijua kuliko wote.

"Elfu moja na mia tano!" mtu akaanza.

"Elfu mbili," baba akasema.

Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa utani mwingi, akainua mkono. "Elfu tatu, na ninamzawadia mama mchungaji, amle leo mchana!"

Uwanja ukalipuka. Baba ni kama alikuwa ameshakiona kisu, kwa namna uso ulivyombadilika. "Elfu nne!" Mwalimu akasema tano. Baba akasema sita, na sauti ikamkatika kidogo, maana mfukoni hakuwa na sita. Mama alisimama katikati ya wanawake wenzake, macho yakiwa kwenye mkungu wa ndizi uliokuwa ukisubiri zamu. Hakugeuka hata mara moja.

Jogoo akaenda kwa shilingi 6,000. Baba akatoa alizokuwa nazo, mhazini akaandika baki kwenye daftari la madeni.

Nyumbani mama alimfungua jogoo miguu, akamwachia uani. "Nadhiri yangu nimetoa," akasema. "Huyo sasa ni wako. Umlishe."

Mama hakuwa mtu wa kumsema baba. Alimwombea. Kila jioni kabla ya kula tulisimama kuzunguka meza, naye akamtajia Mungu mambo ya siku hiyo moja baada ya jingine, nani mgonjwa, ng'ombe gani amepunguza maziwa, mtoto gani amedanganya shuleni. Mungu alipata habari, na sisi tukapata habari. Jioni ile, baada ya wagonjwa na wasafiri, akasema: "Na mhazini wetu, Bwana, umpe subira kwa wote anaowadai." Baba akakohoa. Kesho yake mhazini akaombewa tena. Na keshokutwa.

Kahawa ilikuwa bado changa mitini, kwa hiyo deni lililipwa kwa vipande. Tatizo ni kwamba mhazini alipatikana Jumapili tu, baada ya ibada. Baba akawa anasubiri nje, chini ya mgrevilea. Masika yakaanza. Mvua ya Machame haina adabu kwa mtu anayesubiri nje, na akina mama wa kwaya wakawa wanamwita, "Mzee, ingia, utalowa!" Akaingia. Akakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, buti zikimwaga tope sakafuni. Mahubiri mangapi aliyasikia kwa njia hiyo sijui, ila siku moja nilimkuta anabishana na mama juu ya jambo alilosema mwinjilisti, na alikuwa amelielewa vizuri kuliko mimi.

Je, mama alipanga yote hayo? Nilimuuliza nikiwa mtu mzima. Akaniambia ninywe chai, inapoa.

Siku baba alipolipa kipande cha mwisho, tulisimama mezani kama kawaida. Mama akawataja wagonjwa, akawataja wasafiri, akasema amina. Baba akabaki amefumba macho.

"Umemsahau mhazini," akasema.

"Mhazini ameshajibiwa," mama akasema, akampakulia.