Kondoo wa Sauli bado wanalia

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii usingizi umenipaa na wala si joto la Dar, ni 1 Samweli 15.

Mnaijua. Mfalme Sauli wa Israeli kaambiwa na Mungu awaangamize Waamaleki na mifugo yao asibakize kitu, yeye kamwacha hai mfalme wao Agagi na kondoo walionona, halafu kapita Karmeli kujijengea mnara. Nabii Samweli kamlilia Bwana usiku kucha, anafika Gilgali Sauli anamlaki kwa bashasha, ubarikiwe, amri ya Bwana nimeitimiza! Huku nyuma kondoo meee. Samweli anauliza tu, sasa hicho kilio cha kondoo nachosikia ni cha nini?

Mimi kondoo wangu wanalia kwenye simu. Mfuko wa jumuiya uko kwenye laini yangu maana mhazini ndo mimi, mwezi wa tatu mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikachomoa Sh 240,000 nikasema mwisho wa mwezi narudisha. Sijarudisha. Grupu likilia tu moyo paa, naona kuna msiba na mtu anasema mhazini hebu tuma rambirambi.

Na Sauli hakusema nimechukua, alisema watu ndo waliwabakiza ili wamtolee Bwana dhabihu. Jamani! Miezi yote hii mimi ndo wa kwanza kuongoza sala, kwenye bahasha naweka msimbazi mzima, najinunulia amani. Na siko peke yangu, tusidanganyane. Dada wa kazi humlipi mwezi wa pili huu halafu unachangia viti vya kanisa na jina lako lisomwe. Mungu hali rushwa ndugu yangu! Kutii ni bora kuliko dhabihu, tunawakaririsha watoto Sunday school, sisi wenyewe tunaruka. Na kinachonitisha zaidi, Sauli hakuondolewa siku ile. Alibaki kwenye kiti, ufalme umeshararuliwa kama lile vazi la Samweli alilolishika likachanika, yeye kashika mkuki anamwogopa Daudi, kijana mpiga kinubi, miaka inaenda, mpaka akafia vitani Gilboa. Unaweza ukawa mzee wa kanisa kabisa na umeshakataliwa.

Jumanne nikampigia mama mwenyekiti nikamwambia yote. Mzigo ukatua. Ila mwishoni nikaongeza, mama naomba libaki kwetu wawili, nitalipa kidogo kidogo watu wasijue. Akasema haya mwanangu. Nikapanda mwendokasi Kimara, nimebanwa mlangoni hapo Magomeni, nafungua Biblia kwenye simu nimalizie sura, nakutana na mstari wa 30, Sauli anamwambia Samweli nimekosa, lakini uniheshimu mbele ya wazee wa watu wangu.

Nimeshapata Sh 90,000. Alhamisi kwenye jumuiya nasimama naisema mwenyewe, mniombee nisije nikaumwa tumbo ghafla siku hiyo.