Chembe ya Chumvi Mkononi mwa Mjomba

Jumapili iliyopita tulipita Nunge, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, na binti yangu alipoona maji ya majaruba ya chumvi yamekuwa mekundu akaniuliza ni nani aliyeyatia rangi. Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa harufu ya chumvi inayoiva juani ilikwisha kunirudisha kwenye adhuhuri ile ya mjomba.

Nilikuwa nimerejea kutoka masomoni Ujerumani, na baada ya salamu na madafu mjomba alitaka kujua nilichokuwa nikisomea miaka yote ile. Tulichuchumaa ukingoni mwa jaruba. Nilimweleza kwamba wekundu ule ni wa vijiumbe hai, na kwamba baadhi ya jamii zao wana protini ya zambarau, bakteriorodopsini, ambayo wanasayansi Dieter Oesterhelt na Walther Stoeckenius waliitangaza mwaka 1971. Mwanga ukiipiga, molekuli ya retinali iliyo ndani yake hujipinda, na mpindo huo huanzisha kazi ya kusukuma protoni, vijichembe vidogo mno vyenye chaji chanya, nje ya seli. Kazi yangu ilikuwa kuupima mpindo wenyewe kwa mimweko miwili ya leza, wa kwanza wa kuiamsha protini, wa pili wa kuichungulia.

"Huchukua muda gani?" aliuliza.

Takriban femtosekunde 500 tu, yaani nusu ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Lakini tarakimu hizo hazikumfikia. Nikaokota chembe ya chumvi, nikaiweka kiganjani mwake, nikamwambia kwamba mwanga, ambao kwa sekunde moja ungeweza kuizunguka dunia zaidi ya mara saba, kwa muda huo hauwahi hata kuvuka chembe ile. Aliigeuzageuza kwa kidole gumba, kimya, jua likiwa utosini, kisha akautazama mlango wa maji aliokuwa akiulinda tangu ujana wake.

"Mimi mlango wangu nikiufungua bamvua likijaa," alisema, "nisipoufunga kabla maji hayajaanza kupwa, yote hurudi baharini. Huo wa wadudu wako hufungwa na nani?"

Swali lilikuwa la msingi kabisa. Protini hiyo huhitaji takriban milisekunde 10 kupitisha protoni na kurejea ilivyokuwa, na siri ya kuizuia protoni isirudi ilikotoka imo katika safari hiyo ndefu, ambayo mimi sikuwa nimeipima. Nilimjibu kwamba wapo wengine wanaoichunguza. Akaitikia kwa kichwa, akaitia chembe ile mfuko wa shati.

Mjomba alikwisha kutangulia mbele ya haki, nami bado hujiuliza iwapo niliichagua nusu iliyo nyepesi. Binti yangu nilimwambia kwamba rangi ile ni ya viumbe hai, kisha nikampeleka kuuona mlango. Maji yalikuwa yangali yakijaa, na kijana nisiyemfahamu alikuwa amesimama pembeni, akisubiri.