Tulitukanwa kwa Kushikana Mikono, Mjini Ambako Vijana Hushikana Mikono Kila Ijumaa

Jumamosi ya wiki iliyopita jamaa yangu wa Marangu alifika hapa Concord, California, kupumzika kwangu wiki moja. Tulisoma naye seminari ndogo, tukala makande ya sufuria moja miaka minne, na tangu 2011 hatukuwa tumeonana ana kwa ana. Nilimpokea kituo cha treni, tukapitia dukani kununua nyama na ndizi za kupika. Tulipotoka na mifuko, tukivuka eneo la kuegeshea magari, tulikuwa tumeshikana mikono. Nani alianza sikumbuki. Kwetu hakuna anayeanza. Unaongea na mtu uliyemkosa miaka yote hiyo, mkono unakwenda wenyewe.

Gari likapunguza mwendo. Kijana akatoa kichwa dirishani, akatutupia neno ambalo sitaliandika hapa, wenzake wakacheka, wakaondoka. Jamaa yangu akauchomoa mkono wake kama aliyegusa jiko la mkaa. Ni mwaka wake wa kwanza katika nchi hii. Akaniuliza, "Kaka, tumekosa nini?" Nikamjibu kwamba huku wanaume hawashikani mikono, azoee tu. Nilipomaliza kusema nikaona aibu, maana nilikuwa nimemwambia uongo. Wapo wanaume wanaoshikana mikono huku, tena mbele ya maelfu ya watu, chini ya taa kali, na mji mzima unawapigia makofi. Wako dakika chache kwa gari kutoka duka lile.

Nieleze vizuri, kwa sababu nimelibeba jambo hili wiki nzima.

Ninatunza wazee, wengi wenu mnajua. Mmoja wao, mzee wa miaka themanini na kitu, alikuwa na mtoto aliyecheza mpira katika Shule ya Sekondari ya De La Salle miaka ya 90. Tangu msimu uliopita ninamwendesha kwenye mechi kila timu inapocheza nyumbani. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa helmeti na mabega ya plastiki, unaobebwa mkononi kuliko unavyopigwa teke. Mwanzoni sikuelewa kitu. Nilikaa tu kando yake na blanketi lake na chupa ya chai. Halafu timu ikatoka. Wavulana wenye vifua kama milango, jezi za kijani, walikuja wawili wawili, polepole, wameshikana mikono. Hakuna aliyekimbia wala kurukaruka. Nikajikuta nimesimama. Kwa sekunde chache nilikuwa Kibosho, mwezi wa Rozari, tunatoka bwenini wawili wawili kwenda kusali, na rafiki yako kakushika kidole kimoja tu kwa sababu kiganja kingine kimebeba kitabu cha nyimbo.

De La Salle ni shule ya Kikatoliki ya wavulana. Mabruda waliifungua mwaka 1965, kilomita 45 hivi mashariki ya San Francisco, na jina ni la Mtakatifu Yohane Mbatista wa La Salle, padri wa Ufaransa aliyeanzisha shirika la Mabruda mwishoni mwa karne ya 17 ili watoto wa maskini wasome. Papa Pio wa 12 alimtangaza kuwa somo, yaani mtakatifu msimamizi, wa walimu wote mwaka 1950. Waliosoma kwa Mabruda hawa Nyeri, Kenya, wanazijua sala zao. Unaanza kwa kukumbushwa kwamba tupo mbele ya Mungu, unamaliza kwa kumwomba Yesu akae mioyoni mwetu. Mzee wangu anazisema kwa Kiingereza, mimi nazifuata kwa Kiswahili kimoyomoyo, na tunafika pamoja.

Timu hiyo ilikuwa dhaifu. Hadi mwaka 1979 haikuwahi kumaliza hata msimu mmoja ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Mwaka huo wakamkabidhi kijana mmoja, Bob Ladouceur, miaka ishirini na ushee, ambaye pia alikuja kuwa mwalimu wa dini hapohapo shuleni. Fikirini: mwalimu wa dini ndiye kocha. Mchana mnaongea naye habari za dhamiri, jioni anakukimbiza uwanjani mpaka unatapika. Alikaa miaka 34. Alipong'atuka Januari 2013 alikuwa ameshinda mechi 399, kapoteza 25, katoka sare 3. Angeweza kungoja msimu mmoja tu atimize 400, namba ambayo mtu yeyote angeitamani. Hakungoja. Timu akamwachia Justin Alumbaugh, aliyewahi kuwa mchezaji wake. Mzee husema hilo ndilo somo kubwa kuliko vikombe vyote. Mimi nakubaliana naye, kwa sababu nimetoka katika nchi ambako kung'atuka Mwalimu Nyerere alitufundisha, na bado wengi linatushinda.

Sasa sikilizeni hili, hasa wana Yanga. Mnakumbuka tulivyoringa na zile mechi 49 za ligi bila kufungwa, mpaka Ihefu walipotutuliza Mbarali Novemba 2022? Ndani ya zile 49 zilikuwemo sare. De La Salle walishinda mechi 151 mfululizo. Kushinda, bila sare hata moja. Walianza msimu wa 1992, baada ya kufungwa na Pittsburg, mji jirani, katika fainali ya Desemba 1991, na hawakupoteza tena mpaka Septemba 2004. Misimu 12 kamili. Sekondari ya huku ni miaka minne, kwa hiyo vilipita vizazi vitatu vya wanafunzi vilivyoingia na kuhitimu bila kuona timu yao ikifungwa. Rekodi ya kitaifa kabla yao ilikuwa mechi 72, ya shule ya Hudson kule Michigan. Waliizidi mara mbili na zaidi.

Na jambo lililonigusa kuliko yote nililikuta katika kikosi kile cha 1991, kilichofungwa. Alikuwemo kijana anaitwa Amani Toomer. Amani! Jina letu, Kiswahili kitupu, mgongoni mwa Mmarekani mweusi ambaye baadaye alicheza New York Giants na kutwaa nao ubingwa wa taifa Februari 2008. Mzee alinitajia jina hilo mara ya kwanza kwa matamshi yake, nikamwambia maana yake. Akanyamaza kidogo, akasema miaka yote amelipigia kelele bila kujua alikuwa anaita nini. Tangu siku hiyo ananiuliza maneno, nami namfundisha.

Wanafanyaje kazi yao? Wapinzani hudhani kuna siri. Mazoezi yanaanza Januari, muda mfupi tu baada ya msimu kwisha, na mara nyingi wavulana wao ni wadogo kuliko wale wanaowakabili, ila mpira unapoanzishwa wanachomoka kwa pamoja kama mtu mmoja. Lakini kazi yenyewe ipo kwenye kadi. Kabla ya mechi kila mchezaji anaandika kwenye kadi ndogo ahadi zake: atafanya nini mazoezini, atafanya nini kwenye mechi. Anaisoma kwa sauti mbele ya wenzake, kisha anamkabidhi mwenzake mmoja aitunze. Baada ya mechi huyo aliyeitunza ndiye anayesema kama ahadi ilitimizwa au la. Kocha haandiki kadi ya mtu. Unaahidi mbele ya rika lako, na rika lako linakudai. Alhamisi wanasali pamoja, halafu wanakwenda kula nyumbani kwa familia ya mmoja wao, timu nzima. Mzee na marehemu mkewe waliwahi kuipokea: viatu vimejaa mlangoni, wavulana wamekaa chini mpaka kwenye ngazi, mtoto wa tajiri na mtoto wa dereva wanagombea kipande kimoja cha kuku. Usiku ule, aliniambia, alimsikia mwanawe akimwambia mwenzake maneno ambayo hakuwahi kumwambia baba yake.

Ni kwenye mikusanyiko ya namna hiyo vijana hawa hulia. Wanalia hadharani, na hakuna anayewacheka.

Wamelia kwa sababu kubwa pia. Agosti 2004, Terrance Kelly, nyota wao aliyekuwa amehitimu, miaka 18, alipigwa risasi akafa mjini Richmond, siku mbili kabla ya kuondoka kwenda Chuo Kikuu cha Oregon alikopewa nafasi ya kusoma na kucheza. Wiki chache baadaye timu ilisafiri hadi Seattle ikafungwa na Bellevue, 39 kwa 20, na zile 151 zikaishia hapo. Magazeti yaliandika habari za rekodi. Mzee wangu akikumbuka mwaka ule hazungumzii rekodi hata kidogo, anazungumzia mazishi. Sisi tunaotuma fedha nyumbani tukiamini huku watoto wako salama, tulijue hilo. Kutoka mtaa wa kijana yule mpaka uwanja wa shule ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, na nusu saa hiyo imebeba tofauti ya maisha na kifo.

Nisiwapambie. Shule hii ni ghali. Ada ni zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Zidisheni wenyewe kwa bei ya leo ya dola, kisha kumbukeni baba zetu waliuza debe ngapi za kahawa tulipe seminari, na seminari ilitulaza na kutulisha. Shule za serikali za huku hulalamika kwamba za binafsi zinachukua watoto kutoka kila pembe wakati wao wanafungwa na mipaka ya mtaa, na mimi naona wana hoja. Pia hawashindi milele: mwaka 2021 St. Francis ya Mountain View iliwafunga 31 kwa 28, mara ya kwanza kwa timu ya California Kaskazini kuwafunga tangu lile jeraha la 1991. Mzee alilala mapema siku hiyo.

Kwa wadogo zangu mnaoniandikia kila wiki mkiuliza njia ya kuja: mkija na watoto wa kiume, msiogope kiasi cha ada kilichoandikwa mlangoni. Nyingi ya shule hizi za Kikatoliki zina msaada kwa familia za kipato kidogo, ila fomu zina tarehe, na tarehe ikipita hakuna wa kukuhurumia. Ulizeni mwaka mmoja kabla. Nendeni parokiani, jitambulisheni kwa paroko, msikae ndani mkibeba maboksi mchana na usiku mpaka mtoto analelewa na simu. Na msifanye nilivyofanya mimi Jumamosi ile. Mtu akikutukana kwa desturi njema ya kwenu, usikimbilie kumfundisha mwenzako kuiacha. Nimeishi huku miaka mingi nikikunja vitu vyangu kimoja kimoja na kuviweka chini ya kitanda: salamu ndefu, kumpisha mzee kiti, kumshika rafiki mkono. Nilidhani ndiyo gharama ya kuingia. Kumbe kuna watu wa hapahapa waliovishika vitu vilevile na kuvifanya nguvu ya timu iliyoshinda mara 151, na mimi naviona kwa macho yangu kila wiki mbili halafu narudi nyumbani nasema haviwezekani.

Jana Ijumaa nilimchukua jamaa yangu. Nilimwomba mzee ruhusa, akasema kama ni rafiki yangu wa seminari basi akae katikati yetu. Sikumwambia jamaa yangu chochote kuhusu timu itakavyoingia. Taa zikawaka, baridi ikashuka, bendi ikatulia. Wakatoka wawili wawili.

Jamaa yangu hakusema neno mpaka wa mwisho alipopita. Kisha akaniuliza kwa Kichagga, taratibu, kama wameambiwa au wamezoea. Nikamtafsiria mzee. Mzee aliwatazama wavulana muda mrefu. Akasema mwanawe alipoingia timu aliona haya, akaambiwa ashike, akashika. Sasa anakaribia miaka 50, anaishi jimbo jingine, na kijana aliyeshikana naye mkono msimu ule ndiye aliyebeba jeneza la mama yake upande wa kushoto.

Nikamtafsiria jamaa yangu. Akamwinamia mzee akasema, "Shikamoo, Mzee." Na mzee wa watu, ambaye neno hilo nilimfundisha mwezi uliopita, akamjibu, "Marahaba," na mpira ukaanza.