Kodi ya miezi sita

Oktoba 2018 Bodi ya Mikopo ilinipa ada asilimia mia, na Kibirizi nzima, kwetu Kigoma, wakanipongeza kana kwamba nimeshafika Dar es Salaam. Majina ya waliopata hosteli ya chuo yalipotoka, langu halikuwamo.

Kaka mmoja wa Ujiji, mwaka wa pili chuoni hapo, alinipigia hesabu kwa simu, nikaandika nyuma ya daftari la wadeni wa mama. Chumba 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hapokei chini ya miezi sita, 360,000. Dalali kodi ya mwezi mmoja, 60,000, na 10,000 ya kuonyeshwa hata usipokipenda. Godoro na ndoo mbili, 65,000. Jumla 495,000, nauli ya treni bado.

Boom, pesa ya mkopo ya chakula na malazi, wakati ule ilikuwa 8,500 kwa siku, ya siku 60 kwa mkupuo: 510,000. Kwenye karatasi inatosha. Ila mwaka wa kwanza huioni kabla ya kusajiliwa na kusaini, na dalali hangoji saini ya mtu. Tena mwenye nyumba anataka ya siku 180, wewe umepewa ya siku 60, na humo humo ule. Aliyepanga kiwango kile nadhani hajawahi kukutana na dalali.

Mama alikuwa na magunia mawili ya dagaa. Ilikuwa wiki ya mbalamwezi, taa za wavuvi hazivuti kitu, mwalo umelala, kwa hiyo bei ilikuwa juu. Shida ni kwamba gunia la pili lilianikwa siku mvua ilipowahi.

Mnunuzi alizamisha mkono hadi kiwikoni, akatoa dagaa wa katikati, akambonyeza kwa dole gumba. Dagaa mkavu hukatika, paa. Yule alipinda. Gunia zuri akalinunua 280,000. La pili akalisogeza kwa mguu.

"Basi kwa huyo kaka yako kunalalikaje?" mama akauliza.

Nikamweleza kubebana hostelini: mwenye kitanda anakulaza naye, futi tatu watu wawili, chumba cha wanne mnalala hata wanane, na mchana begi lako halionekani.

Hakujibu. Kabla gunia zuri halijashonwa mdomo, alimwomba mnunuzi asubiri, akachota makopo matatu.

"Haya ya anayekubeba. Wewe utakula wale waliopinda."