Kadi Moja Iliyofutwa Ndiyo Iliyotunyoosha

Tuko sita kwenye kampuni yetu ya filamu, na kila niliyemuuliza kuhusu vurugu zetu alinipa jibu moja: nunueni programu ya kusimamia kazi. Tukanunua. Wiki ya tatu nilikuwa naifungua peke yangu. Mtu aliyebeba kamera begani ataijazaje? Ushauri ule unaniudhi hadi leo.

Kilichotunyoosha ni kadi ya kumbukumbu, ile inayohifadhi picha za kamera. Jua linazama, mwigizaji amelia machozi ya kweli, mwongozaji amekubali. Kadi ikawekwa mezani. Msaidizi wa kamera akaiona, akadhani imeshanakiliwa, akaichomeka kwenye kamera na kuifomati, yaani kuifuta yote. Tulipogundua, tulishashuti sini (tukio la filamu) nyingine juu yake. Programu za kuokoa faili zikaturudishia vipande vya sekunde mbilimbili. Tulirudia lokesheni kwa gharama ya karibu siku nzima, na machozi yale hatukuyapata tena.

Usiku ule nikaikazia macho kadi ya SD. Ubavuni ina kile kiswichi kidogo cha kufungia ambacho hatukuwahi kukigusa. Nikakisukuma, nikairudisha kwenye kamera, nikajaribu kuifuta. Ikakataa! Nikajaribu tena kwa raha tu, ikakataa. Tangu hapo, kadi ikitoka kwenye kamera inafungwa papo hapo, inaingia kwenye kikasha chekundu, na anayeruhusiwa kuifungua ni mhariri peke yake. Naye haifungui mpaka awe na nakala kwenye diski mbili tofauti na awe amecheza mwanzo na mwisho wa kila faili. Kulinganisha ukubwa wa folda tu hakutoshi, niamini.

Majina ya faili yanaanza na mwaka, mwezi, siku, kisha sini na namba ya kadi, ili kompyuta izipange yenyewe. Neno "mwisho" nimelipiga marufuku. Tunaandika toleo la 1, la 2, la 3. Ratiba ya kesho inatumwa kabla ya giza, na klapa, ule ubao unaogongwa mbele ya kamera ili picha na sauti zioanishwe, inapigwa hata kama sini ni ya sekunde kumi, maana mtu wa sauti ndiye anayeteseka baadaye.

Aliyeniambia diski moja kubwa ya bei inatosha alikosea. Katika kazi yetu iliyopita, diski ya namna hiyo ilianza kutoa mlio wa kugonga tukiwa katikati ya uhariri, kisha ikazima. Mhariri alifungua kabati, akachomeka ya pili, na jioni ileile tukamaliza kukata sini ya saba.