Mwaka wa Inzi wa Maharage
Mvua za masika zilichelewa mwaka ule, na baba akaja na jambo jipya: nusu eka yetu ya tambarare, kule chini wilayani Hai, ipandwe maharage matupu. Siku zote tulichanganya na mahindi. Alinunua Lyamungo 90, yale mafupi yasiyotambaa, tukapanda kwa kamba, mistari ikiachana nusu mita na shimo hadi shimo shubiri moja. Mama alisema ugali hautoki kwenye ganda la maharage. Hakujibiwa.

Yaliota vizuri. Kabla hayajafikisha mwezi majani yakaanza kupauka, kisha yakawa njano, na miche mingine ikalala mchana kana kwamba haijaona mvua. Baba akasema ni mbolea. Jirani akasema ni dawa (jirani yetu kila kitu kwake ni dawa).

Bwana shamba alipofika hakushughulika na majani. Alichuchumaa, akang'oa mche mmoja, akatuonyesha shina pale linapoingia udongoni: limevimba na kupasuka kama kisigino cha mtu wa pekupeku. Akalichana kwa ukucha. Chini ya ganda mlikuwa na vidude vya kahawia, havifiki nusu ya punje ya mchele.

"Inzi wa maharage huyu, mzee. Mmechelewa kupanda, amezaliana kwa wenzenu kwanza."

Alitueleza kwamba inzi mwenyewe ni mdogo, mweusi wa kung'aa. Anataga kwenye majani machanga, funza wakitoka wanashuka kwa ndani mpaka chini ya shina. Kwa hiyo kunyunyizia wakati ule ni kumwaga hela. Dawa ilitakiwa iwekwe kwenye mbegu kabla ya kupanda. Kilichobaki ni kupandishia udongo mpaka juu ya kidonda, shina litoe mizizi mipya.

Kesho yake tulikuwa shambani alfajiri, lakini baba akatukalisha kwenye mtaro tusubiri umande ukauke, maana kupita kwenye maharage mabichi ya umande ni kusambaza ugonjwa wa kutu mstari kwa mstari. Mama alikereka, jembe liko magotini. Jua lilipopanda tukaanza. Mche uliolala unauinua kwa mkono wa kushoto, wa kulia unavuta udongo, unakandamiza kidogo, unasogea. Hadi saa tisa mgongo wangu ulikuwa hausikii la mtu. Iliyokauka kabisa tuliitoa nje ya shamba.

Mvua ikanyesha usiku wa pili, bahati tupu. Siku chache baadaye nikamkuta mama, yule yule aliyepinga tangu mwanzo, amepiga magoti peke yake anafukua shina. Juu ya kidonda palikuwa na mizizi myeupe, laini, mingi kama uzi uliofumuka.

"Usimwambie baba yako," akasema.

Tulivuna gunia moja na nusu. Tuling'oa asubuhi na mapema maganda yakiwa bado laini yasije yakapasukia shambani, tukapura kwenye turubai. Mchuuzi mmoja alikuja akitaka lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, kwa bei ya gunia la kawaida. Mama akamfukuza, akauza kwa debe pale pale nyumbani.

Msimu uliofuata baba aliwahi kupanda, maharage matupu tena. Mama akachomeka mahindi yake kwenye mipaka yote minne bila kumuuliza mtu.