Siku yangu maabara Tengeru: kuisaka zinki ndani ya seli hai

Saa 12:30 asubuhi. Nimo kwenye daladala ya Usa River, baridi ya Julai, kila abiria kajikunyata. Maabara, seli za Caco-2, aina ya seli zinazokuzwa maabara, zinanisubiri kwenye inkubeta, yaani kabati la joto, nyuzi joto 37. Asili yake ni utumbo mpana wa binadamu, na leo nataka kuona zinki ikiingia ndani yake zikiwa hai.

Saa 2. Naandaa vyombo, kazi isiyo na sifa ila ndiyo inayoamua siku. Zinki iko kila mahali, hata mpira wa glavu hutengenezwa kwa oksidi ya zinki. Basi natumia plastiki safi, na maji ya kuoshea seli nayapitisha kwanza kwenye resini inayonasa madini.

Saa 3:30. Naweka rangi, FluoZin-3. Molekuli yake ikiwa tupu haing'ai sana. Ikishika ayoni ya zinki, yaani zinki yenye chaji ya umeme, inawaka kijani. Tatizo ni kwamba ina chaji, na utando wa seli haupitishi chaji kirahisi. Wakemia waliifunika chaji hiyo kwa esta, kifuniko cha kikemia, kama mgeni aliyevaa koti. Ikishaingia, vimeng'enya vya seli vinalivua koti, na rangi haitoki kirahisi. Roger Tsien ndiye aliyeleta mbinu hii ya esta kwenye rangi za kalsiamu miaka ya 1980.

Saa 5. Chumba cha hadubini, taa zimezimwa. Namulika mwanga wa buluu, naongeza zinki kidogo, nasubiri. Kijani kinapanda taratibu.

"Dada, zimewaka! Niandike?" anauliza kijana wa mafunzo kwa vitendo.

"Bado, mdogo wangu."

Mwangaza peke yake si ushahidi. Seli zina mng'ao wake wa asili, na rangi hupenda kujikusanya kwenye vifuko vidogo vya seli. Kwa hiyo naongeza TPEN, molekuli inayopenya seli na kushika zinki kwa nguvu kuliko rangi yetu. Kama kijani ni cha zinki, lazima kififie. Kimefifia karibu chote, isipokuwa vidoa vichache vilivyogoma. Hapo ndipo ninapoamini picha, na vidoa navihesabu kuwa si zinki mpaka vithibitike.

Saa 7, kwa mama ntilie, ugali na maharage. Mjukuu wake aliharisha wiki iliyopita, zahanati wakampa ORS na vidonge vya zinki.

"Mwanangu, hivyo vidonge vinafanya nini hasa?"

Namwambia vinafupisha kuharisha, na asiache kumpa hata akipona. Mwaka 2004 WHO na UNICEF walishauri miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Kwa walio chini ya miezi 6 walishauri 10. Sehemu ya kazi ya zinki iko kwenye seli za utumbo, na hilo ndilo linalonifanya nikae gizani asubuhi nzima.

Saa 9. Mahesabu ya picha. Zinki huru, yaani isiyoshikwa na molekuli nyingine, ndani ya seli ni kidogo mno, na rangi ikizidi inaishika yenyewe, ikaibadilisha hali tunayoipima. Nashuku tumeweka nyingi. Namwandikia kijana: kesho nusu ya kiasi cha leo, na sahani moja isiwekwe rangi kabisa, tuone mng'ao wa seli zenyewe.